Majani Baada ya Ua

Nitasema mwenyewe, kabla jirani Benita hajasema:
mimi ndiye niliyekata majani.

Shemeji Mintauts alikuwa hospitalini Valmiera,
nyonga mpya ya chuma, wiki tano kitandani,
na funguo za nyumba akanipa mimi.
"Matango yamwagilie," alisema. "Kuku walishe.
Tulipu ziache."
Ziache. Nikasikia: hazina kazi.

Petali zilikuwa zimekwisha kupukutika.
Mwezi wa Mei watu walisimama getini kuzitazama,
hata dereva wa basi la Cēsis alipunguza mwendo.
Mwezi wa Juni nani anasimama?
Matuta manne ya majani yaliyolala kifudifudi,
manjano ya ugonjwa, ncha za kahawia,
kama nguo zilizosahauliwa kambani, mvua ikazikuta.
Na usiku wa kati ya kiangazi ulikuwa unakuja,
usiku wa moto na jibini ya kisibiti;
wageni wangepita palepale dirishani.

Nami ni mtu wa kunyoosha. Nilikunja mashuka ya hoteli
miaka thelathini na mmoja, kona kwa kona.
Nikachukua mikasi ya marehemu dada,
nikapiga magoti, nikakata
mpaka udongo ukabaki safi
kama kichwa cha mtoto siku ya kwanza ya shule.
Hata niliimba. Nilidhani ni zawadi.

Alirudi na magongo mawili.
Akasimama kwenye tuta la kwanza,
akasimama kwenye la pili. La tatu hakulifikia.
"Umefanya kazi," akasema,
akaingia ndani kuchemsha maji.
Maisha yake yote alibadilisha njia za reli,
taa nyekundu, taa ya kijani;
maneno hakuyahitaji.

Ni Benita aliyenieleza, juu ya uzio, bila huruma:
jani ndilo jiko. Ua likishakwenda
jani hubaki kumpikia aliye chini,
linakula jua, linashusha, linashusha,
mpaka tunguu lijaze tena kifua chake
na ua la mwakani lilale ndani,
dogo kama punje ya mtama, limekunjwa tayari.
Umanjano ule haukuwa ugonjwa.
Ilikuwa sahani inafutwa.
"Wewe umeepua chungu," akasema,
"ukakisugua kikang'aa, na watu hawajala."

Matunguu yale aliyapanda Austra, dada yangu,
Oktoba ile ya mwisho, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa
kwa kuwa miguu ilikuwa imekataa:
ncha juu, kina mara tatu ya urefu wa tunguu,
mchanga kiganja kimoja chini, maji yasituame,
na matawi ya miba juu, kwa ajili ya panya.
Mimi nilimshikia taa.
Kupanda niliona. Kungoja sikuona;
alikwenda kabla.

Mwaka uliofuata: jani moja moja, pana,
kama ulimi wa mtu aliyetaka kusema, akaghairi.
Ua, hakuna. Dereva wa basi akapita.
Mwaka wa pili: majivu ya jiko, unga wa mifupa,
majani mawili. Nilikwenda kuyahesabu alfajiri
kabla shemeji hajaamka,
na nyayo zake nikazikuta kwenye umande,
zimenitangulia.

Mwaka wa tatu, tarehe kumi na tisa Mei,
saba. Katika mia mbili na kitu, saba,
nyekundu zenye ukingo mweupe, ndogo kama subana.
Hatukuitana. Tulikutana tu pale,
yeye na gongo lake, mimi na aproni.

Zilipoanza kupukutika alitoka na mikasi ileile,
akaigeuza, mpini kwangu.
"Shingo tu," akasema, "zisije zikahangaika na mbegu.
Majani..."
"Najua," nikasema.
Nikakata mara saba.

Wageni wa Juni walipita dirishani, wakauliza
mbona bustani imechakaa hivi.
Tukawapa jibini.